Neno na Tuni: Juu ya Muziki wa Klasiki Tunaousikiliza Huku Mgeta

Walimu wakutanapo mwisho wa muhula, desturi yao ni kuulizana, "Wasoma kitabu gani siku hizi?" Katika miaka hii swali la pili limezaliwa kando ya lile la kwanza, nalo ni, "Wasikiliza muziki gani?" Maana mambo yamegeuka. Zamani mwalimu wa milimani aliyetaka kusikia kazi ya Handel au ya Bach hakuwa na njia ila kungoja santuri ya misheni, au redio yenye kukoroma. Leo simu ya mkononi yamletea kazi hizo nyumbani kwake, awe Langali, awe Nyandira, awe Tchenzema kwenye ukungu. Basi swali hilo lastahili kujibiwa kwa makini kama lile la vitabu, wala haitoshi kusema, "Nasikiliza hiki, nacho ni kizuri." Yapasa kusema ni kizuri kwa nini, na chatufaa nini.

Kwa hiyo napenda kuwaeleza wasomaji muziki ninaousikiliza miezi hii, na kuupima kwa kipimo kimoja tu: jinsi neno linavyokaa ndani ya tuni. Nimechagua kipimo hiki kwa sababu ya kazi yetu. Huku Mgeta watu husema Kiluguru nyumbani, na Kiswahili shuleni na kanisani. Kwaya zetu hupenda sana kuchukua kazi za mabingwa wa Ulaya na kuzitia maneno ya Kiswahili, hasa wakati wa Noeli na Pasaka. Mara nyingi sauti huwa nzuri, nne zikipatana vema, na watu hufurahi. Lakini ukimwuliza bibi aliyeketi ukuta wa nyuma, "Wameimba nini?", atakujibu, "Wameimba vizuri." Maneno hakuyashika hata moja. Tena si kwamba masikio yake yamezeeka, maana mahubiri ameyasikia yote. Lipo jambo katika uimbaji lililomfichia maneno, na jambo hilo ndilo nitakalo tulichungue.

Kwanza tukumbuke kanuni ya lugha yetu. Kila mwalimu wa darasa la chini ajua ya kuwa mkazo wa neno la Kiswahili huanguka katika silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema MUngu, tena kaniSAni, tena ataTAwala hatusemi kamwe, bali atataWAla. Maneno yanayoiacha kanuni hii ni machache, nayo hujulikana. Neno moja lenye herufi zile zile laweza kuwa mawili kwa mkazo tu: baraBAra ni njia kubwa, na baRAbara ni sawasawa, kama ipasavyo. Zaidi ya hayo, kwa kuwa mkazo hukaa mahali pamoja siku zote, ndio unaomwambia msikilizaji neno limekwisha wapi na lingine laanzia wapi. Mtu akisema WAna wa, twangojea jina la baba yao. Akisema waNAwa, twajua kuna watu wanaosafisha mikono. Sauti ni zile zile tatu. Basi mwimbaji akiuhamisha mkazo, msikilizaji hupotezwa kama msafiri aliyeng'olewa vibao vya njia. Husikia silabi, lakini hawezi kuzifunga pamoja kuwa maneno.

Muziki nao una mkazo wake. Katika kila kipimo cha nota kuna pigo zito na mapigo mepesi, na nota ndefu huonekana nzito kuliko fupi, na ya juu kuliko ya chini. Pale mkazo wa neno na uzito wa nota vikikutana, neno husikika bila taabu. Vikipishana, kimoja hushindwa, na katika kuimba kinachoshindwa ni neno daima.

Kwa kipimo hicho natazama kwanza kazi ya Handel iitwayo Messiah, kwa kuwa ndiyo kwaya zetu wanayoijua kuliko zote. Georg Friedrich Handel alizaliwa Halle katika Ujerumani mwaka 1685, akafa London mwaka 1759. Kazi hii aliiandika kwa muda wa juma tatu na zaidi kidogo, mwezi Agosti na Septemba 1741, na mara ya kwanza iliimbwa Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Maneno yalichaguliwa katika Maandiko na Charles Jennens. Msomaji aangalie jambo hili: Handel alikuwa Mjerumani, aliyejifunza kazi ya kutunga opera huko Italia, akiandika kwa maneno ya Kiingereza. Yeye mwenyewe, basi, alikuwa katika hali yetu. Alivisha lugha ya watu nguo ya tuni, na lugha hiyo haikuwa ya mama yake.

Je, alifaulu? Kwa sehemu kubwa sana, ndiyo. Lakini iko kwaya moja mashuhuri katika sehemu ya kwanza, ile ya kutangaza kuzaliwa kwa mtoto, ambayo muziki wake Handel hakuutunga kwa maneno hayo. Aliutoa katika wimbo wa watu wawili aliouandika mwaka ule ule wa 1741 kwa maneno ya Kiitaliano, nao ulihusu mapenzi na kukataa kuyaamini. Wimbo wa Kiitaliano ulianza kwa neno la kukana, neno listahililo kupigwa kwa nguvu kama mtu agongaye meza. Maneno ya Kiingereza yalipowekwa mahali pake, nguvu ile iliangukia neno dogo la kiungo, lenye maana ya "kwa kuwa", ambalo katika usemi wa kawaida halina uzito wowote. Wataalamu wengi wameliona jambo hili. Kwaya nzuri za Uingereza hulipunguza kwa kuimba nota ile ya kwanza kwa wepesi, na kuutunza uzito kwa ajili ya jina la mtoto. Hapo twapata faraja na onyo pamoja. Faraja ni kwamba hata bingwa alipohamisha tuni kutoka lugha hadi lugha, mshono ulionekana. Onyo ni kwamba sisi tusio mabingwa tusidhani ya kuwa mshono wetu hautaonekana.

Sasa tuitazame kwaya ya Haleluya, inayofunga sehemu ya pili. Kwa nini watu wetu waliipokea kama yao? Nadhani sababu moja ni neno lenyewe. Haleluya ni neno la Kiebrania, na Waebrania walilikaza mwishoni. Lakini Handel aliliweka kwa desturi ya Kiingereza, uzito ukiwa katika silabi ya tatu kati ya nne. Mahali hapo ndipo Kiswahili nacho hulikaza: haleLUya. Kwa hiyo neno linalorudiwa kuliko yote lakaa vema katika kinywa chetu, na hata mtoto hulishika. Shida huanza maneno mengine yaingiapo. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, hata kwa kumtaja Mungu, Bwana na mfalme. Kiswahili karibu hakina. Katika kwaya hiyo sauti za juu hushika nota moja ndefu kwa cheo cha Mfalme, kisha hupanda ngazi na kushika tena, na tena. Kwa Kiingereza silabi tatu zatosha cheo chote. Kwa Kiswahili, "Mfalme wa wafalme" ni silabi saba. Mfasiri afanye nini? Nimesikia kwaya zaidi ya moja zikizisukuma silabi sita za mbele haraka haraka kama mahindi katika gunia, kisha zikiketi juu ya ile ya mwisho, "me", kwa muda wote wa nota ndefu. Hapo msikilizaji hupewa mlio wa "me" uliopambwa kwa tarumbeta, na mfalme mwenyewe amepita bila kuonekana. Dawa iko, wala si ngumu: nota ndefu wapewe "fal", na "me" ipewe sehemu ndogo ya mwisho tu, kabla ya kuvuta pumzi. Tuni haibadiliki, pigo halibadiliki, na cheo husikika.

Iko na shida nyingine hapo hapo, nayo ni ile "m" ya kwanza. Katika Kiswahili m ya mfalme, ya mtu, na n ya nchi, ni silabi kamili, tena katika mtu na nchi ndiyo ichukuayo mkazo. Lakini huimbwa mdomo ukiwa umefungwa au ulimi umezuia njia. Mtungaji wa Ulaya hakuijua silabi ya namna hii, naye aliweka nota zake kwa vokali zilizo wazi. Mfasiri akiweka "mtu" juu ya nota ndefu ya juu, soprano watabaki wakivuma kama nyuki. Heri achague "binadamu" au "mwanadamu", au aligeuze fungu lote la maneno.

Kazi ya pili ninayoisikiliza ni Mateso ya Bwana kwa Mathayo, ya Johann Sebastian Bach, iliyoimbwa kwanza Leipzig siku ya Ijumaa Kuu, mwaka 1727 kama wanavyokubaliana wataalamu wengi wa siku hizi. Baada ya kufa kwake mwaka 1750 ilisahauliwa na watu wengi, mpaka Felix Mendelssohn alipoirudisha mbele ya watu huko Berlin mwaka 1829. Ni ndefu, yapata muda wa saa tatu, nami huisikiliza kwa mafungu wakati wa Kwaresima. Humo Bach anatufundisha mambo mawili yahusuyo lugha.

La kwanza ni namna ya kusimulia. Mwinjilisti haimbi wimbo wenye pigo. Husema kwa sauti iliyopandishwa na kushushwa kama usemi wa Kijerumani upandavyo na kushuka, na kinanda humfuata. Yesu anenapo, vinanda vya nyuzi huyazunguka maneno yake kwa upole. Lakini alipolia msalabani kwa lugha yake, nyuzi hunyamaza, naye huachwa peke yake. Kisha Mwinjilisti huyafasiri maneno yale kwa Kijerumani, na Bach humpa tuni ile ile iliyopandishwa juu. Mimi sijasikia mahali pengine tafsiri iliyofanywa kwa heshima kuu namna hii. Mfasiri hakuongeza pambo. Alichukua sauti ya aliyelia, akaihamishia katika lugha ya wasikilizaji, na msikilizaji asiyejua Kiebrania wala Kiaramu ajua kwa masikio yake kuwa ni kilio kile kile.

La pili ni ile tuni ya kichwa kilichojeruhiwa, irudiwayo mara tano katika Mateso hayo. Wakatoliki na Walutheri huijua. Tuni hiyo haikuzaliwa kanisani. Hans Leo Hassler aliitoa mwaka 1601 kuwa wimbo wa kijana aliyechanganyikiwa moyo kwa ajili ya msichana. Baadaye watu waliivika maneno ya ibada, na leo hakuna aisikiaye akafikiri habari za uchumba. Nalitaja jambo hili kwa sababu wako wenzetu wanaoshtuka wasikiapo kwaya ikichukua mwendo wa ngoma ya Uluguru, wakisema ya kuwa ulitumika harusini au katika kunywa pombe. Hoja hiyo, tukiifuata mpaka mwisho, ingetunyang'anya na tuni ya Bach pia. La kuuliza ni kama tuni yaweza kulibeba neno jipya, na kama watu wanaoisikia bado hukumbushwa lile la zamani. Maswali hayo hujibiwa kijiji kwa kijiji, na wazee huyajibu vizuri kuliko sisi.

Turudi kwenye mkazo. Tuni hiyo ya Hassler ina mistari ya silabi saba na sita kwa kupokezana. Katika ule wa saba, pigo zito la mwisho huanguka silabi ya sita, nayo ya saba ni nyepesi. Mwisho huo ni sawasawa na Kiswahili. Katika ule wa sita, pigo zito huanguka silabi ya sita yenyewe, mwisho kabisa; hapo Kiswahili huumia. Kwa hiyo nusu ya mistari hutupokea, na nusu hutusukuma. Hali ni ile ile katika tuni ya furaha ya Beethoven, kutoka simfoni yake ya tisa iliyopigwa Vienna mwaka 1824: mstari wa silabi nane hukaza ya saba, nao watufaa kabisa, unaoufuata una silabi saba na hukaza ya saba, nao hautufai. Lakini nyimbo nyingi za Kiingereza zenye mistari ya nane na sita kwa kupokezana ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa kila mstari huishia kwa pigo zito. Mwenye kuzifasiri kwa Kiswahili silabi kwa silabi hukosea mkazo katika neno la mwisho la kila mstari, na la mwisho ndilo msikilizaji ashikalo zaidi. Dawa ni kuigawanya nota ya mwisho iwe mbili, ndefu kisha fupi, na kuongeza silabi moja. Mstari wa sita uwe wa saba, wa nane uwe wa tisa. Mtu atasema, "Umeharibu wimbo." Nami namjibu kwamba mtungaji aliacha nota ndefu pale kwa sababu lugha yake yataka kutua hapo, nasi twatua vilevile, ila kwa namna yetu.

Iko kazi ya Joseph Haydn juu ya Uumbaji, iliyotolewa Vienna mwaka 1798, ambayo yaonyesha kuwa shughuli hii yaweza kufanywa tangu mwanzo. Maneno yake yalitoka Kiingereza, Gottfried van Swieten akayafasiri kwa Kijerumani, na kitabu cha muziki kilipochapishwa mwaka 1800 kilikuwa na lugha zote mbili. Kiingereza chake kimelaumiwa mara nyingi kuwa kigumu na cha kupindapinda. Hata hivyo nia ilikuwa njema: nota zilirekebishwa hapa na pale ili kila lugha ipate haki yake. Kwaya zetu huziogopa nota zilizochapishwa kana kwamba ni amri, na kumbe wenyewe wenye muziki walizibadili kwa ajili ya neno.

Kutoka huko nageukia muziki wa kale zaidi, ule wa Kigregori. Wazee wa Mgeta walioimba Misa kwa Kilatini kabla ya mabadiliko ya miaka ya 1960 bado waweza kuanza Misa ya Malaika bila kitabu. Vijana huwacheka kidogo. Mimi nawasihi vijana wasikilize, maana katika muziki huu kuna mambo mawili yatufaayo kuliko tulivyodhani. Kwanza, Kilatini hakikazi silabi ya mwisho ya neno lenye silabi nyingi. Hukaza ya pili au ya tatu kutoka mwisho. Katika jambo hili Kilatini ni jirani ya Kiswahili kuliko Kiingereza na Kijerumani. Pili, muziki huu hauna pigo la kipimo. Nota zake hufuata maneno kama maji ya mfereji yafuatavyo mteremko wa shamba, wala hakuna nguvu ya nje inayolazimisha silabi nyepesi kuwa nzito.

Tena liko jambo la ajabu kidogo. Tenzi za Kilatini za namna ya Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano aliyekufa mwaka 397, zina beti za mistari minne, na kila mstari silabi nane. Sasa mfikirie utenzi wa Kiswahili: beti yenye vipande vinne, kila kipande mizani nane. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ni wa namna hiyo, na watunzi wa pwani wameifuata mpaka leo. Sisemi ya kuwa mmoja alijifunza kwa mwenzake, wala vina vyao si sawa, kwa kuwa utenzi hufunga vipande vitatu kwa kina kimoja na cha nne hurudi katika beti zote. Nasema tu ya kuwa hesabu ni moja, na kwamba mtunzi wetu ajuaye utenzi anayo tayari nguo inayolingana na tuni hizo za kale. Aangalie jambo moja. Mstari wa Kilatini mara nyingi huishia kwa neno lililokazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, na utenzi hukaza mizani ya saba. Palipo na pigo vingegombana. Kwa kuwa hapana pigo, mwimbaji aweza kuiegemea kidogo nota ya mizani ya saba, na ugomvi huisha. Nimelijaribu jambo hili na watoto wa darasa la sita kwa beti waliyoitunga wenyewe juu ya mvua ya vuli, na waliokuwa nje ya dirisha walirudia maneno yote.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema mambo mawili ambayo watu hupenda kuyatenga: kwamba uimbaji wa Kigregori upewe nafasi ya kwanza, na kwamba muziki wa mataifa wenyewe uheshimiwe na kutumiwa. Katika masikio ya mwenye kutafuta haki ya neno, mambo hayo mawili hayapingani.

Hapo ndipo naingia katika kazi za Waafrika. Missa Luba, iliyofanyika Kamina katika Kongo mwaka 1958 chini ya Padre Guido Haazen, huacha maneno ya Kilatini kama yalivyo na kuyatia katika uimbaji wa Kiluba. Mmoja huanza, wengi huitikia, ngoma hushika mwendo. Kinyume cha desturi yetu, basi: sisi huchukua tuni ya kigeni na maneno ya nyumbani, wao walichukua maneno ya kigeni na tuni ya nyumbani. Kazi yao ina uzuri wenye nguvu. Lakini yule bibi wa ukuta wa nyuma hajasaidiwa nayo, kwa kuwa maneno bado si yake.

Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alikwenda mbele zaidi katika kazi yake kubwa juu ya Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu Roma tarehe 18 Oktoba 1964. Aliimba kwa Kiganda na kwa tuni za Kiganda. Lugha hiyo ina sauti za juu na za chini zibadilizo maana ya neno, kama ilivyo na Kihaya, na kwa hiyo tuni ya kigeni huiharibu kuliko inavyoiharibu Kiswahili. Mwandishi wetu, Padre Stephen Mbunga, aliyetunga Misa iitwayo Baba Yetu, alitoa mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Yapasa kisomwe na kila mwalimu wa kwaya. Na tusimsahau Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga kwa Kixhosa wimbo ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wa taifa letu. Alitumia sauti nne za kizungu, lakini lugha aliyoitungia ni ya Kibantu, ivutayo silabi ya pili kutoka mwisho wa usemi kama yetu. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo inayofanya maneno ya Kiswahili yakae ndani yake bila kulalamika.

Wako watakaosema, "Kama tuni za Ulaya zatutaabisha hivi, tuziache." Wengine watasema, "Tuziimbe kwa Kiingereza na Kijerumani, ndivyo zilivyotungwa." Siungi mkono neno la kwanza, kwa sababu kusikiliza kwa Bach na Handel kumenifundisha kulisikia neno la Kiswahili kuliko vitabu vya sarufi vilivyonifundisha, na mtu haachi mwalimu kwa sababu ni mkali. Neno la pili lafaa katika tamasha, mbele ya watu wenye karatasi ya tafsiri mkononi. Halifai asubuhi ya Pasaka, mbele ya watu waliopanda mlima saa mbili ili wasikie habari njema. Hao wana haki ya kuisikia.

Basi nawashauri walimu wa kwaya mambo haya. Kabla ya kufundisha nota, kwaya nzima isome maneno kwa sauti, kama watu wanaozungumza, mpaka mikazo ijulikane. Mwalimu aweke alama juu ya kila silabi yenye mkazo, kisha aweke alama juu ya kila nota nzito, halafu azilinganishe. Palipo na mgongano abadili neno kwanza, akishindwa agawanye nota. Nota ndefu za mwisho wa mstari azikague zaidi ya zote. M na n zilizo silabi asizipe nota za kuvutwa. Vinanda vya umeme vyenye mapigo ya ngoma yaliyotiwa kiwandani avitumie kwa hadhari, maana pigo lao halijui Kiswahili. Mwishowe amweke mtu mmoja asiyeujua wimbo mlangoni mwa kanisa, amwulize amesikia maneno gani. Mtu huyo asiwe mwanamuziki. Akiyarudia, kazi imekwisha; asipoyarudia, warudi wote kwenye nota.

Mimi mwaka huu nitaendelea na Mateso kwa Mathayo, na pamoja nayo tenzi za Ambrosi. Ndugu zetu wa Bagamoyo, Mahenge, Peramiho na kwingineko wanaosoma kurasa hizi watuandikie nao wasikiliza nini, na katika tafsiri zao mkazo umeanguka wapi. Hasa tungependa kupata habari za lugha za nyumbani ambazo hazikazi kama Kiswahili, kwa kuwa kwaya za huko zina kanuni nyingine ambazo sisi wa Mgeta hatuwezi kuzikisia.